Mahindi ya Uganda: soko hufunguka wakati gunia bado lina maji

KISUGU, KAMPALA – Katika maduka ya rejareja ya Kisugu, tarafa ya Makindye, unga wa mahindi huuzwa kwa namba. Namba moja ni mweupe na bei yake iko juu. Namba mbili una rangi kidogo na bei yake ni nafuu. Mnunuzi hupimiwa kilo moja au mbili, na jioni posho inaliwa kwa maharage. Posho ndilo jina ambalo Waganda wamelipa ugali. Neno lenyewe ni la Kiswahili, lenye maana ya mgao wa chakula wa mfanyakazi, na lilienea bara pamoja na misafara na ujenzi wa reli.

Maana hiyo ya zamani ilirudi mwaka 2020. Wakati wa kufungiwa kwa sababu ya Korona, serikali iliwagawia wakazi wa Kampala na Wakiso waliokosa kipato kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mahindi. Katika mitaa kama Kisugu na Namuwongo, kama ilivyo mashuleni, jeshini na magerezani, mahindi ndiyo chakula cha kushibisha watu wengi kwa fedha kidogo.

Lakini mahindi hayo hayo yana wateja wengine. Kenya ni mnunuzi mkubwa, na Sudan Kusini inafuata njia ya Elegu. Kwa hiyo kila gunia linalotoka Iganga, Masindi, Mubende au Kapchorwa lina njia mbili mbele yake: kuvuka mpaka, au kwenda kwenye mashine za Kampala na kuishia kwenye mizani ya duka la Kisugu.

Wengi hudhani kinachoamua njia hiyo ni bei. Bei inachangia, lakini mara nyingi kinachoamua ni maji yaliyomo ndani ya punje. Mfanyabiashara asiyepima maji hayo huyalipia mara tatu: kwenye mizani, kwenye mashine na mpakani.

Misimu miwili, njaa ya jirani

Sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Uganda ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mavuno ya kwanza hupatikana kati ya Juni na Agosti. Mavuno ya pili huanza Novemba na kuendelea hadi Januari. Kaskazini mambo ni tofauti kidogo, kwani msimu mmoja mrefu ndio unaotegemewa zaidi.

Upande wa Kenya, ghala kubwa la mahindi ni Bonde la Ufa, hasa Trans Nzoia na Uasin Gishu. Huko mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hivi hadi mwisho wa mwaka. Maana yake ni kwamba kuanzia Mei hadi Agosti maghala ya Kenya yanapungua, na wenye viwanda vya unga wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu wanatafuta mzigo. Wakati huo huo Uganda inavuna.

Kwa hesabu ya soko hilo ni jambo la heri: jirani ana njaa na wewe una mavuno mapya. Taabu iko kwenye kalenda ya mvua. Mavuno ya kwanza ya Uganda huwa na nafasi fupi ya jua, na mvua za pili huanza kurudi Agosti au Septemba. Mkulima anayetaka kutayarisha shamba kwa msimu wa pili huvuna mapema, hupukuchua mapema na kuuza mapema. Mnunuzi wa Kenya naye anataka mzigo leo. Basi mahitaji yanakuwa makubwa kabisa katika miezi ambayo mahindi hayajakauka.

Mavuno ya pili hayana shida hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu Desemba hadi Februari ni miezi ya jua katika maeneo mengi. Lakini wakati huo mahindi ya Bonde la Ufa nayo yako sokoni na bei ya Kenya imeshuka. Kwa ufupi, mahindi makavu hukuta soko limeshiba, na soko lenye njaa hukuta mahindi mabichi.

Tanzania ni mshindani katika jambo hili. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, huvunwa kuanzia Mei wakati kiangazi kinaingia. Yana safari ndefu kufika Namanga, lakini hukauka vizuri zaidi kabla ya kuondoka. Mnunuzi wa Nairobi anayelinganisha mizigo miwili hutazama jambo hilo.

Hesabu ya maji

Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachojulikana kama EAS 2, kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyovunwa karibuni mara nyingi yako juu ya hapo, asilimia 18, 20 au zaidi.

Kila mfanyabiashara anaweza kufanya hesabu ifuatayo kwa simu yake. Chukua 100 utoe unyevu wa sasa. Kisha chukua 100 utoe unyevu unaotakiwa. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, halafu zidisha kwa uzito wa mzigo. Jibu ni uzito utakaobaki baada ya kukausha.

Kwa mahindi ya asilimia 18, kila kilo 100 zitabaki kilo 94.8 zikifika asilimia 13.5. Kwa mahindi ya asilimia 20 zitabaki kilo 92.5. Kwa asilimia 16 zitabaki kilo 97.1. Hapo hakuna mwizi wala mizani mbovu. Ni maji yaliyoondoka.

Sasa peleka hesabu hiyo kwenye lori. Tani 30 zilizonunuliwa zikiwa na asilimia 18 zitabaki tani 28.44 zikikauka. Tani 1.56 zimepotea. Tukichukua bei ya mfano ya shilingi 1,000 za Uganda kwa kilo, hiyo ni shilingi 1,560,000 zilizolipwa kwa maji, kabla ya kuhesabu vibarua wa kukausha, turubai na siku zilizopita.

Mfano wa pili unawagusa wale wanaopenda bei ya chini. Muuzaji mmoja anataka shilingi 1,000 kwa kilo ya mahindi ya asilimia 13.5. Mwingine anataka shilingi 950 kwa kilo ya mahindi ya asilimia 18. Wengi wangekimbilia ya 950. Lakini ukigawanya 950 kwa 0.948 unapata shilingi 1,002 kwa kilo kavu. Mahindi yaliyoonekana rahisi yamekuwa ghali kuliko yale mengine, na bado hayajaanikwa.

Kipimo cha unyevu cha kushika mkononi ndicho chombo sahihi kwa kazi hii. Asiyekuwa nacho anaweza kutumia njia ya zamani ya chumvi: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Ieleweke kwamba chumvi isiponata haithibitishi kwamba umefika 13.5. Inakwambia tu kwamba hali si mbaya sana. Kung'ata punje kwa meno, njia inayopendwa na madalali, haitoshi kwa mzigo unaokwenda kupimwa kwa mashine mpakani.

Ndani ya mashine

Mzigo usiovuka mpaka huenda kwenye mashine. Kampala ina vituo kadhaa vya usagaji, na kinachojulikana zaidi ni Kisenyi, karibu na katikati ya jiji. Kisugu iko upande wa kusini mashariki. Chini yake, upande wa Namuwongo, inapita reli ya kwenda Port Bell, na ng'ambo ya reli ni eneo la viwanda na maghala. Unga unaouzwa Kisugu hutoka kwenye mashine za jiji na kufikishwa dukani kwa gari dogo au bodaboda.

Mwenye mashine nyingi za aina hii si lazima awe mwenye mahindi. Mara nyingi mfanyabiashara huleta magunia yake, hulipa ada kwa kilo, na kuondoka na unga. Kazi hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza ni mashine ya kukoboa, ambayo huondoa ganda na kiini. Pili ni kinu cha nyundo, ambacho huponda punje mpaka zipite kwenye chekeche.

Unga namba moja ni ule uliokobolewa sana, unaofanana na sembe ya Tanzania. Kilo 100 za mahindi hutoa takribani kilo 60 hadi 70 za unga huo, kutegemea mashine na ubora wa punje. Kinachobaki ni pumba na viini, ambavyo huuzwa kwa wafugaji. Namba mbili haikobolewi sana, kwa hiyo hutoa unga mwingi zaidi. Unga usiokobolewa kabisa, ambao Mtanzania angeuita dona, hutoa karibu uzito wote wa mahindi na una virutubisho zaidi, lakini haukai muda mrefu kwa sababu ya mafuta yaliyomo kwenye kiini.

Hivyo bei ya unga Kisugu haitokani na bei ya mahindi peke yake. Inategemea pia bei ya pumba. Pumba ikipanda, mwenye unga anaweza kupunguza bei kidogo na bado akapata faida. Pumba ikishuka, gharama yote inalala kwenye unga. Ndiyo maana wasagaji wazoefu huuliza bei ya chakula cha kuku kabla ya kununua mahindi.

Maji yanaharibu hesabu hapa pia. Mahindi yenye unyevu huziba chekeche, hupunguza kasi ya kinu na hula umeme mwingi kwa kila gunia. Unga wake hushika vidonge na kuharibika mapema dukani. Aidha, baadhi ya wasagaji hulowanisha mahindi kidogo kabla ya kukoboa ili ganda litoke vizuri. Si kosa likifanywa kwa kipimo. Likifanywa kwa ndoo bila kipimo, unga unafungwa kwenye mfuko ukiwa na joto na maji, na ukungu unapata nyumba.

Kuna tofauti nyingine kati ya mashine ndogo na viwanda vikubwa. Kanuni za Uganda za mwaka 2011 zilifanya kuongeza virutubisho kwenye unga kuwa lazima kwa viwanda vyenye uwezo wa tani 20 au zaidi kwa siku. Mashine nyingi za kukodi ziko chini ya kiwango hicho. Kwa mlaji wa mtaani maana yake ni kwamba unga anaopimiwa dukani kwa mizani huenda usiwe na madini na vitamini zilizoongezwa.

Sumu isiyoonekana

Hasara ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu inaweza kuchukua mzigo mzima. Hiyo ni sumu kuvu.

Ukungu wa aina ya Aspergillus unapokua kwenye mahindi hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haina harufu, haina ladha na haiondoki kwa kupika. Kula kiasi kikubwa kwa muda mfupi huua kwa kuharibu ini. Kula kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Wanaolalamika kwamba Kenya inasumbua kwa vipimo wakumbuke mwaka huo.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu aflatoksini zote zisizozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Kuna pia kikomo cha fumonisini, sumu ya ukungu mwingine, ambacho ni miligramu 2 kwa kilo. Ili kuelewa udogo wa namba hizo, chukua lori la tani 30. Kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 0.3 za sumu katika mzigo wote. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina uzito zaidi ya mara 10 ya hapo.

Jambo lingine ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui ni kwamba sumu haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza katika gunia moja zinaweza kubeba sumu nyingi, huku magunia ya jirani yakiwa salama. Ndiyo maana mzigo mmoja unaweza kufaulu Kampala na kuanguka Busia bila mtu yeyote kudanganya. Sampuli iliyochukuliwa kwa kuchoma bambo kwenye magunia matatu ya mlangoni haiwakilishi lori. Sampuli nzuri huchukuliwa kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha huchanganywa, husagwa na ndipo hupimwa.

Kukoboa hupunguza sumu kwenye unga, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Lakini haipotei. Inakwenda na pumba, na pumba inaliwa na ng'ombe na kuku. Ng'ombe wa maziwa akila pumba yenye sumu, sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa.

Machi 2021 na somo lake

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema vipimo vimeonyesha sumu kuvu kupita kiwango. Malori yalikwama mipakani yakiwa yamejaa. Siku chache baadaye, tarehe 10 Machi, zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini iko chini ya kiwango, na kuwe na cheti kinachoonyesha mahindi yametoka wapi.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya kaskazini. Malori yaliyobeba nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiliwa upande wa Sudan Kusini kwa sababu kama hizo, na madereva wakabaki na mizigo huku serikali mbili zikizungumza.

Matukio yote mawili yalizua maneno mengi ya kisiasa. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, somo ni la kawaida kabisa. Zuio la jumla linawaumiza wote, aliyekausha na asiyekausha, kwa sababu mpakani hakukuwa na njia ya haraka ya kuwatofautisha. Tangu masharti ya 2021, mwenye cheti ana kitu cha kuonyesha. Asiyekuwa nacho anategemea huruma.

Kuna hatari nyingine ya kisera isiyohusiana na sumu. Mahindi ya ndani ya Jumuiya hayalipiwi ushuru wa forodha yakiwa na cheti cha asili, wakati yale ya nje yamewekewa ushuru wa pamoja wa asilimia 50. Ukuta huo ndio unaompa Mganda nafasi Nairobi. Lakini njaa ikizidi, serikali inaweza kuufungua. Mwaka 2017 Kenya iliruhusu mahindi kuingia bila ushuru, na meli yenye mahindi meupe kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa mwezi Mei. Aliyekuwa ameficha mzigo ghalani akisubiri bei ipande zaidi alijifunza siku hiyo.

Karatasi za safari

Mzigo wa mahindi unaovuka kihalali kwenda Kenya huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo ya Uganda, cheti cha asili cha Jumuiya kinachotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda, na majibu ya vipimo vya ubora na sumu kuvu. Maabara za Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ziko Bweyogerere, mashariki mwa Kampala. Upande wa Kenya, mwagizaji anapaswa kuwa amesajiliwa na awe na kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS.

Mfanyabiashara mdogo ana nafuu. Kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani. Lakini nafuu hiyo ni ya ushuru na karatasi za forodha. Haimwondolei wajibu wa afya ya mimea na ubora. Wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa tayari wameshateremsha magunia Busia.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimepunguza foleni kwa kuwaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Kituo hakikaushi mahindi, hata hivyo. Mzigo wenye karatasi kamili na unyevu wa asilimia 17 bado ni mzigo mbaya.

Upande wa msafirishaji

Wenye malori hupenda kusema kwamba ubora wa mahindi ni shida ya mwenye mali. Si kweli hata kidogo. Lori linalosubiri majibu ya maabara halizalishi. Dereva na utingo wanakula, mkopo wa gari unadaiwa, na mzigo wa kurudi umechukuliwa na mwingine.

Mzigo wa kurudi ni jambo kubwa kwenye njia hii. Uganda huagiza karibu ngano yake yote kutoka nje kupitia Mombasa, na chapati za rolex zinazokaangwa pembeni mwa barabara Kisugu zinatokana na ngano hiyo. Malori hupanda na shehena za bandari na kuteremka na mahindi, kahawa au mazao mengine. Siku 4 za kukwama Busia zinaweza kumpotezea msafirishaji shehena ya kupanda ambayo ndiyo yenye faida.

Msafirishaji makini huangalia mambo matatu kabla ya kufunga turubai. La kwanza ni sakafu ya gari: imekauka, na haina mabaki ya mbolea, saruji au mafuta. La pili ni unyevu wa mzigo. Mahindi mabichi hutoa joto. Usiku wa baridi mvuke hugeuka maji chini ya turubai na kudondokea magunia ya juu. Hata mzigo uliopakiwa ukiwa na afadhali unaweza kufika na ukungu. La tatu ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Kubeba tani moja na nusu ya maji ni kutumia nafasi ya mizani kwa kitu ambacho hakuna atakayekilipia mwisho wa safari.

Ni busara mkataba wa usafirishaji useme wazi nani analipa siku za kusubiri mzigo ukikataliwa kwa sababu ya ubora. Makubaliano ya mdomo huvunjika mpakani.

Nani alipie jua?

Swali gumu ni hili: kama hasara ni kubwa kiasi hicho, kwa nini mahindi hayakaushwi? Jibu liko kwenye bei ya shambani. Mkulima wa Bugiri au Kyenjojo anayeanika mahindi wiki moja zaidi anapunguza uzito wake kwa kilo 5 au zaidi katika kila gunia la kilo 100. Kama mchuuzi anayekuja na mizani analipa bei ile ile kwa mahindi makavu na mabichi, aliyeanika amejipunja mwenyewe. Ni akili, si uvivu, inayomfanya auze yakiwa na maji.

Mchuuzi naye huchanganya. Akichanganya mabichi na makavu, mzigo wote unakuwa wa wastani, na ubora wa yule mmoja aliyeanika unapotea ndani ya gunia la wengine. Hivyo kosa halina mwenyewe, na kila mmoja humsukumia aliye mbele yake mpaka lifike Busia, ambako hakuna tena wa kusukumiwa.

Njia ya kuvunja mnyororo huo inajulikana. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipoanza mwaka 2008 mpango wake wa kununua kutoka vikundi vya wakulima wadogo, lilidai mahindi makavu na yaliyochambuliwa, na vikundi vilivyoweza kufikia kiwango vikapata mnunuzi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2006 nayo ilikusudia mahindi yapimwe yanapoingia ghalani, yapewe daraja, na stakabadhi yake iweze kuuzwa au kuwekwa dhamana. Mafanikio hayakuwa makubwa kama ilivyotarajiwa, lakini kanuni ni ile ile: lipa kwa kilo kavu.

Mfanyabiashara wa kawaida hana haja ya kusubiri serikali ili aanze. Anaweza:

- Kununua kipimo cha unyevu na kukitumia mbele ya muuzaji, ili bei ijadiliwe kwa namba na si kwa meno.

- Kuweka bei mbili zilizo wazi, moja ya kavu na moja ya bichi, kwa kutumia hesabu iliyoelezwa hapo juu.

- Kutochanganya mizigo, na kuweka alama kwenye magunia kwa mahali yalikotoka.

- Kuchambua punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba sumu nyingi.

- Kupima sumu kuvu kabla ya kupakia, kwa sampuli iliyochukuliwa kwenye magunia mengi.

- Kukubaliana na mnunuzi mapema kuhusu kiwango, maabara itakayokubalika na hatima ya mzigo ukikataliwa.

Mzigo uliokataliwa

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloirudisha habari hii Kisugu. Lori linaporudishwa kutoka mpakani, mahindi hayapotei hewani. Mwenye mali ana deni, gari linadai, na anahitaji kuuza haraka kwa yeyote. Mnunuzi wa karibu ni soko la ndani, ambako gunia huingia kwenye mashine bila mtu kuomba cheti, hukobolewa, hupewa namba na kupelekwa dukani.

Mteja anayepimiwa kilo moja ya unga jioni hana maabara wala bambo, na hana nchi ya kuurudisha mzigo. Anategemea kwamba kuna mtu, mahali fulani kati ya shamba na duka, aliyepima unyevu na kuchambua zilizooza. Kwa kiasi kikubwa mtu huyo ni mfanyabiashara yule yule anayetaka kuuza Nairobi. Akinunua kavu kwa ajili ya mpaka, anakuwa amenunua salama kwa ajili ya Kisugu pia. Akinunua maji, mpaka utamkatalia, na mlaji wa Kisugu ndiye atakayekula alichokataliwa.